Sauti Iliyofutwa

Jumamosi ile nilikuwa nashona sare za kwaya. Mimi, Tabitha, ni fundi cherehani hapa Soweto ya Moshi, na ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa studio ya binamu yangu Primus. Yeye alikuwa anatunga nyimbo na kuzitengeneza, na Moshi nzima ilizicheza harusini. Nampenda, lakini jamaa alikuwa na roho ngumu.

Wimbo uliompa jina hakuutunga yeye. Aliutunga Zita, binti wa kule Mkuu, Rombo, akauimba mwenyewe humo studio. Primus akaifuta sauti yake, akaweka ya msichana wa Dar, akajiandika yeye ndiye mtunzi. Zita aliusikia redioni akiwa kitandani, mgonjwa. Hakuinuka tena.

Sasa Jumamosi hiyo mama yake Zita, Mektrida, aliteremka mjini, akamkuta Primus kwangu. Hakudai kitu ila sauti ya mwanawe, awe anaisikiliza nyumbani. Primus hata shikamoo hakumpa.

"Nilishaifuta, mama."

Mektrida akajifunga kanga vizuri. Kisha akasema taratibu, "Basi na mama yako asikusikie."

Hiyo ilikuwa laana. Nikamwambia Primus achume jani la isale, apande Rombo, apige magoti. Kwetu Uchaggani ukimpelekea mtu jani lile kwa mkono wako mwenyewe, hawezi kukunyima msamaha. Akacheka. Akampa kondakta wa basi la Rombo alipeleke, kama mzigo wa vitunguu. Saa ile nilimchukia, sifichi.

Jumatatu mchana jani lilirudi. Kondakta alisema mama hakuligusa. Primus akalitupa nje, akaniita nikamsikilize akirekodi wimbo mpya.

Nilimwona kupitia kioo. Midomo inacheza. Spika zikatoa sauti ya kike.

Zita.

Akaanza upya. Zita. Akachomoa waya wa maiki. Zita akaendelea kuimba, havuti hata pumzi. Primus akanigeukia aseme neno. Mdomo ukafunguka. Hakikutoka kitu.

Hospitali hawakuona ugonjwa. Sasa anaishi Kibosho kwa mama yake, shangazi Salvina, anakata majani ya ng'ombe. Studio imefungwa. Zita amelipiza, na mimi siwezi kusema amekosea.

Juzi shangazi aliniomba amsikie mwanawe japo kidogo. Kwenye simu nilikuwa na salamu za Krismasi, Primus alinirekodia kabla ya haya yote. Nikabonyeza, sauti juu kabisa, nikampa.

Akaimba Zita. Wimbo wote. Nyuma yake, kwa mbali sana, Primus alikuwa ananong'ona.

"Tabitha, usinifute."

Shangazi alikuwa ameibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Huyu binti anaimba vizuri," alisema. "Primus wangu anaanza saa ngapi?"