Waya wa Ngoja

Taa nyekundu iliwaka saa nne asubuhi, wakati wa chai, na kebo yake ilikuwa imechomolewa.

Nazmeen Buksh, fundi wa umeme wa kinu cha sukari cha Vunidilo, aliitazama huku roti imemkwama mdomoni. Kebo yenyewe alikuwa ameishika mkononi.

"Sakiusa," alimwita msimamizi kwa sauti ya chini. "Njoo uone. Usimwite mtu."

Kwa asiyejua, kisanduku cha Nazmeen cha kuongozea mitambo kilitoa amri kwa nyaya nane zilizolazwa sambamba, zote kwa mpigo mmoja, kila waya na vali yake kwenye tangi la kuchemshia maji ya miwa. Waya wa tisa ulibisha hodi: chukua. Tangi likajibu kwa waya wake: nimepokea. Likiwa na shughuli, liliwasha taa nyekundu kwenye kisanduku: ngoja. Kisanduku chenye adabu hakitumi amri nyingine mpaka kijibiwe.

Mwezi uliotangulia, Azmat, kakake Nazmeen, aliingia tangini kukwangua ukoko. Vali ya mvuke ikafunguka akiwa ndani. Kinu kizima kilisema alisahau kubonyeza swichi ya ngoja iliyo tangini, ile ya kuwasha taa hiyo, na mkewe, Shabnam, akayasikia maneno hayo mpaka kwenye matanga.

"Nani yuko ndani?" Sakiusa alinong'ona, yeye anayetania hata mazishini.

Tangi lilikuwa likigongwa. Ko. Ko. Ko. Nazmeen alirudi nyuma, maana tangi lilikuwa tupu na mfuniko umekazwa, na bado chuma chake kiliendelea kuitika polepole kama mtu aliyechoka kubisha, na harufu ya mafuta ya nazi aliyopaka Azmat nywele zake kila asubuhi ikapanda juu ya harufu ya sukari iliyoungua, ikamtoa machozi kabla hata hajajua kuwa analia.

"Jini," wafanyakazi walisema, wakatoka mbio.

Siku tatu kinu kilisimama. Malori ya miwa yalipanga foleni hadi darajani, miwa ikaanza kuchacha. Shabnam peke yake ndiye aliyekuja, kila siku, akaketi kando ya taa ile na kikombe cha chai, hasemi na mtu.

Siku ya nne akaletwa Maulana Tahir. Alisoma, akapuliza, akanyunyiza maji. Taa haikutikisika.

"Huyu si jini mgeni," alisema. "Huyu aliomba jambo, hakujibiwa. Nani alipaswa kumjibu?"

Nazmeen alikitazama kisanduku chake. Mwanzo wa msimu, ili kazi iende mbio, alikuwa ameuunga waya wa ngoja na waya wa ardhi kwa kipande kifupi cha waya, kisanduku kidhani tangi liko tayari siku zote. Mafundi wengi hufanya hivyo, na wote huapa watarekebisha kesho. Siku ya msiba alikichomoa kile kipande kabla wakaguzi hawajafika, akakaa kimya huku marehemu akiitwa mzembe. Sasa kusema kulikuwa kupoteza kazi, na wifi aliyebaki naye, na pengine uhuru wake.

"Wifi," alisema, akimgeukia Shabnam. "Azmat hakusahau. Alibonyeza. Mimi ndiye niliyeuziba ule waya. Aliniambia ngoja, kisanduku changu hakikumsikia. Nisamehe. Bwana wee, nisamehe, kaka."

Kugonga kukakoma. Taa ikafifia, ikazimika, na ile harufu ikaondoka mara moja, kana kwamba mtu amefunga mlango.

"Alhamdulillahi," alisema Maulana. Sakiusa alikuwa analia waziwazi.

Shabnam aliweka kiganja juu ya taa iliyozimika, akakiacha hapo muda mrefu.

"Mume wangu hakuwahi kusahau swichi ile," alisema hatimaye. "Nyaya ni zako; nilijua ni wewe tangu siku ya maziko, wifi. Na tangu alipoanza kubisha, nilinyamaza ili asiondoke."