Mkono Wako Juu ya Rejista

"Huu mkono ni wa nani?"

Msajili wa mahakama alikuwa amemsogezea simu yake mezani, na karani akauona mkono wake mwenyewe. Kucha fupi, pete ya uchumba, kidole kimelala juu ya ukurasa wa rejista ya kesi. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, nzuri kiasi cha kumfanya mtu ajipende.

"Ni wangu, mama."

"Na aliyepiga?"

Aliyepiga alikuwa mchumba wa karani, mpiga picha ambaye mji mzima unamwita Lenzi. Ijumaa iliyopita alimletea chakula cha mchana pale masjala. Jua la saa nane lilikuwa limeingia dirishani, vumbi la majalada linaelea bila haraka ya kutua, na Lenzi akanong'ona, "Usitikisike, Wino wangu. Mkono wako unaota." Akabofya. Karani akacheka, na hapo ndipo akili yake ilipochukua likizo.

"Mchumba wangu, mama. Nisamehe."

"Soma kwanza wanachosema, halafu ndiyo uombe msamaha."

Lenzi alikuwa ameibandika picha mtandaoni, na wenye macho ya mwewe wakaikuza mpaka maandishi yakasomeka. Mstari wa kumi na moja: mshtakiwa mweusi, wizi wa pikipiki, miaka mitano. Mstari wa kumi na nne: mshtakiwa mweupe, wizi wa pikipiki, miezi mitano. Hakimu ni yuleyule. Juu yake mtu ameandika, "WEUPE NYUMBANI, WEUSI JELA. USHAHIDI HUU HAPA." Watu elfu sitini wameisambaza. Na wa kwanza kuisambaza na maneno hayo, akisindikiza kwa alama tatu za moto, ni Lenzi mwenyewe.

"Mstari wa kumi na moja una nini?" Msajili akauliza.

"Kosa langu, mama. Niliruka mstari, nikamwandikia adhabu ya mnyang'anyi aliyemfuata. Nikaikata kwa penseli nyekundu, nikaandika ya kweli juu yake kwa penseli hiyohiyo. Naye alipewa miezi mitano, sawa na mwenzake."

"Mbona hapa mkato hauonekani?"

Karani akatazama tena, akaelewa. Masjala haifuti. Kosa hukatwa kwa penseli nyekundu ili kila atakayekuja ajue lilikuwapo. Lakini Lenzi akitengeneza picha zake hupitisha kichujio chekundu anachokipenda, kinachong'arisha ngozi na kuyeyusha kila kilicho chekundu. Alimpamba mchumba wake, akamfutia na ukweli wake.

"Hakimu amevunjiwa vioo vya nyumba," Msajili akasema taratibu. "Una hadi Jumatatu. Mwenye picha aseme kweli, la sivyo nitakuandikia barua ya kusimamishwa kazi, hata kama sipendi."

*

Studio ya Lenzi ilikuwa na pazia jeusi na harufu ya karatasi mpya. Picha za maharusi wa watu zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, zikicheza kwa upepo wa feni. Harusi yao ilipangiwa wiki mbili zijazo.

"Lenzi, ile picha ni uongo."

"Picha yangu? Sikuongeza hata nukta."

"Ulipunguza."

Akamweleza yote. Lenzi akafungua picha ya asili kwenye kompyuta, na mstari mwekundu ukachomoza kama ulikuwa unamsubiri. Akaukuza, akausoma mara mbili.

"Sawa," akasema mwishowe. "Lakini jambo lenyewe ni kweli."

"Jambo gani?"

"Kaka yangu alikaa mahabusu miezi kumi na moja akisubiri kesi, halafu wakamwachia bila hatia. Mweupe aliyekamatwa naye alilala kwao siku ileile. Utaniambia hakuna kitu?"

"Sijasema hakuna kitu. Nimesema mstari wa kumi na moja ni kosa langu."

"Watu wananiandikia wanalia, Wino! Wanasema hatimaye kuna aliyewaona."

"Wakijua ulichowaonyesha, watamwamini nani tena siku ya ukweli?"

"Kwa hiyo nichague. Kaka yangu au hakimu wako."

"Hakimu hajakuuliza kitu. Anayekuuliza ni mwenye mkono."

Karani akaivua pete, akaiweka juu ya kibodi. Alimpenda Lenzi mpaka mifupa ilimuuma, na alitoka bila kugeuka kwa sababu angegeuka angebaki.

Jioni ujumbe ukaingia: "Nikiifuta nitaonekana mwongo."

Akajibu: "Usifute. Sisi hatufuti. Kata, halafu andika ukweli juu yake."

Zikatokea alama mbili za bluu: ameusoma.

*

Jumamosi asubuhi karani alimwomba Msajili afungue masjala.

"Unatafuta nini siku ya mapumziko?"

"Mstari mmoja hausemi kitu, mama, uwe wa kweli au wa uongo. Nataka kusoma rejista zote za miaka sita iliyopita."

Msajili akamtazama juu ya miwani. "Na ukikuta tusichokipenda?"

"Tutakuwa tumekikuta."

Alikuwa amefika rejista ya pili pale mlango ulipobishwa. Lenzi alisimama pale, ndevu hazijachanwa, macho yamevimba.

"Rejista ni ya umma," akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. "Mwananchi akiomba anaruhusiwa kusoma. Naomba."

"Simu yako ibaki kwangu," akadakia Msajili, ambaye karani alikuwa amemsimulia yote. "Na ukisema tena mkono wa mtu unaota, nakutoa nje."

Wakakaa, karani akisoma, Lenzi akichora vijiti vya kuhesabia kwenye karatasi.

"Mweusi, wizi, miezi mitatu. Mweupe, wizi, miezi mitatu. Mweusi, shambulio, faini."

Sauti yake ikawa kama ya mtu anayebembeleza. Jua likahama kutoka kabati hadi meza, kutoka meza hadi sakafu, na Lenzi akahisi kama wako chini ya maji, wawili tu, majina ya watu yakipita juu yao polepole. Alitamani kumgusa. Akachora kijiti.

Jumapili jioni wakajumlisha. Kwenye adhabu, makosa yanayofanana yalikaribiana, tofauti ya kubishania tu. Karani akapumua. Halafu wakajumlisha safu ambayo hakuna aliyeiulizia mtandaoni, ya siku za kusubiri dhamana. Weupe, siku tano kwa wastani. Weusi, thelathini na nane.

"Haituambii kwa nini," Msajili akasema. "Huenda walikosa wadhamini. Huenda ni sisi. Na hii ni mahakama moja. Lakini lazima mtu aulizwe." Akachukua karatasi. "Naipeleka kwa mkaguzi mimi mwenyewe."

Karani alikuwa ameshika ukurasa mmoja bila kuugeuza.

"Lenzi. Kaka yako yumo humu. Siku mia tatu thelathini na nne."

Lenzi akainamisha kichwa juu ya rejista, akalia pale pale, na karani akamwekea mkono mgongoni. Msajili akageukia dirisha, akajifanya kusafisha miwani.

Jumatatu alfajiri Lenzi alibandika picha mbili ubavu kwa ubavu, ile ya kijivu na ile ya rangi. Akaandika:

"Picha niliyosambaza ilidanganya. Kichujio changu kilificha sahihisho la karani. Wale wawili walipewa adhabu sawa, na hakimu namwomba radhi. Tumesoma miaka sita ya mahakama hii: adhabu zinakaribiana, dhamana hazikaribiani. Kwa nini, hatujui bado. Msiniamini mimi. Nendeni mkasome, masjala iko wazi."

Matusi yakaja kwa gunia. "Umenunuliwa." "Msaliti." Nusu ya wafuasi wake wakamkimbia kabla ya chai. Kisha ikaingia simu ya kaka yake.

"Mdogo wangu, nimesoma."

"Umenikasirikia?"

"Hapana. Miaka yote watu wananipa pole. Hakuna aliyewahi kuzihesabu siku zangu."

Karani alipata barua ya onyo na kazi yake. Na mezani, juu ya rejista, alikuta bahasha yenye pete.

*

Wiki mbili baadaye walisimama kwenye masjala ileile, mbele ya kitabu cha ndoa. Bibi harusi alisaini kwa mwandiko wake wa kazini. Bwana harusi akashika kalamu, akasaini kwa madaha kwenye mstari wa shahidi.

"Mdogo wangu," kaka yake akasema, "hapo ni pangu mimi."

"Basi nimeharibu! Tuchane ukurasa?"

Msajili akacheka, akavuta droo. Bibi harusi akapokea penseli nyekundu, akakata jina la mumewe taratibu, akaliandika upya mahali pake na kutia herufi za jina lake mwenyewe pembeni. Jua la saa nane lilikuwa limelala juu ya mkono wake.

"Usitikisike," Lenzi akanong'ona, tayari ameinua kamera.

"Unapiga ya aina gani?"

"Ya rangi, mke wangu. Kosa langu lionekane."