Jeneza la Takari

Ilikuwa siku ya kushusha nafaka kutoka Misri, na gati la Tombos, mji wa Kinubi kwenye mto Nile, lilijaa watu wa kusukumana. Mtungi wa bia wa Takari ukamwagikia kifua cha Nakhti, seremala wa Kimisri, kanzu yake nyeupe ya kitani ikageuka kahawia.

"Umenimalizia bia yangu," Takari akasema, mikono kiunoni, shanga zikilia kwenye sketi yake ya ngozi.

"Hata kuonja sijaonja, binti. Nimeivaa tu."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda, mji mzima ukajua Mmisri yule kafa kaoza kwa binti wa Kinubi.

Siku moja Nakhti akamwita karakanani, akafunua shuka. Chini yake palikuwa na jeneza la mkuyu, limechorwa uso wa Takari, hadi hereni zake.

"Nimekuchongea mwenyewe, laazizi. Umelipenda?"

Takari alitoka mbio hadi kwa mama yake, nje ya ukuta wa mji, akajifungia humo siku nne. Kichwa kikimgonga kidogo, anaona ndicho kifo hicho.

"Alikupima lini?" mama akauliza.

"Alisema ananishonea gauni."

"Basi huyo anataka kukuzika, mwanangu."

Siku ya tano Nakhti akabisha hodi. Mama akashika mchi.

"Mama, nisikilize. Kwetu baba alimchongea mama jeneza walipooana. Ndiyo heshima. Asiye na jeneza anapotea huko aendako."

"Kwetu ni kumwita kifo," Takari akajibu nyuma ya mlango. "Na mtu halazwi kaburini kama ubao, Nakhti. Analazwa juu ya kitanda, kwa ubavu, kakunja magoti. Mkininyoosha humo, bibi zangu watanijuaje?"

Hofu ilimshika Nakhti naye: huenda akafika huko kwa wafu asimwone tena.

"Nitalivunja," akasema mwishowe. "Utalazwa kwa desturi yenu. Mama awe shahidi."

"Na ukitangulia wewe? Nani atawazuia ndugu zako wasininyooshe?"

"Sijui, Takari. Siwezi kukudanganya. Naliogopa hilo kama wewe."

Mama akaweka mchi chini. Komeo likavutwa, Takari akasimama mlangoni, macho mekundu.

"Ingia unioe, basi," akasema. "Tuogope pamoja."