Mbao Mbichi Nilizompa Binti wa Tindiga

Nina miaka sabini na moja, nami ni msomaji wa masomo katika kanisa letu la milimani, Kilosa. Nilifundisha useremala hadi nikastaafu. Mungu amenipa afya, mke mwema na wajukuu. Wasomaji wenzangu, ninayoyasimulia hayakuletwa na adui... yalitoka moyoni mwangu!

Mwalimu Josia nilimfundisha mimi kushika msumeno. Sasa anafundisha sekondari, na mwaka jana wanafunzi wake walibuni vyombo kwa kutazama mwendo wa wanyama. Aliwapeleka mbuga ya Mikumi, wakarudi na habari za tembo: unyayo wake ukikanyaga tope hutanuka, ukinyanyuka hujikunja. Ndiyo maana hanasi, mzito vile!

Binti mmoja wa kijiji cha Tindiga, Mwanaidi, akachora toroli ambalo magurudumu yake yamezungushiwa nyayo za mbao, kila unyayo una vidole vya kufunguka na kujifunga. Mama yake alikuwa ameumia mgongo kwa kubeba magunia ya mpunga topeni. Toroli likifaulu, lingekwenda maonyesho ya mkoa.

Sifa zote zikamwendea Josia. Sokoni, Josia. Kanisani mchungaji alimsimamisha, watu wakampigia makofi. Hata mke wangu, mezani: "Josia ana akili, jamani!" Nikasukuma sahani ya ugali pembeni. Na mimi je? Ujanani nami niliwahi kuunda toroli la tope. Lilizama siku ya kwanza, na kijiji kizima kikacheka...

Kisha Josia mwenyewe akaja kupiga hodi. "Shikamoo, Mwalimu. Tunaomba utuchongee nyayo. Hakuna mkono kama wako."

Je, heshima hiyo haikunitosha? Haikunitosha!

Darini nilikuwa na mbao za mninga, zimekauka miaka mitatu. Sikuzigusa. Nilichukua mti uliokatwa wiki ileile, ungali na maji, nikauchonga kwa ustadi na kuupaka mafuta ung'ae. Nilijua jua litaupasua. Nilijua!

Mwanaidi alipokuja kuzichukua nyayo, alipima unyayo mmoja kiganjani. "Babu, mbona nzito? Kama mbichi vile."

"Wewe mtoto, nilianza kupiga randa kabla mama yako hajazaliwa. Utanifundisha mbao?"

Akainamisha kichwa. "Samahani, babu."

Kwetu mtoto habishani na mzee. Nami nilijificha nyuma ya mvi zangu...

Wiki tatu za jua zikapita. Siku ya majaribio, mbele ya wageni wa wilaya, toroli lilipakiwa magunia mawili likaingia topeni. Hatua moja... ya pili... paa! Vidole vikapasuka, toroli likapinduka, mpunga ukamwagika. "Tembo kavunjika mguu!" vijana wakapiga kelele. Mwanaidi alisimama topeni, analia. Na mama yake, kwa mgongo ule ule mbovu, akainama kuokota mpunga...

Kesho yake Josia alikuja kwangu. Nilidhani amegundua. Kumbe alikuja kuomba radhi! "Mwalimu, tumeiaibisha kazi yako. Tuliizidishia mzigo."

Laiti angenitukana!

Jumapili nilisimama kusoma somo, lakini sikulisoma. Nikafunga kitabu, nikaungama yote mbele ya waumini. Josia alitoka nje bila kunitazama. Ilichukua miezi kabla hajaniamkia tena, nami simlaumu.

Nilizishusha mbao zangu za mninga, nikaenda Tindiga, nikachonga nyayo upya uani kwao Mwanaidi. Mama yake aliniletea maji ya kunywa. Safari hii toroli lilivuka tope na magunia yake. Lakini maonyesho yalikuwa yamepita. Nafasi ile sikuweza kumchongea upya!

"Asante, babu," Mwanaidi aliniambia. "Ila mbao za toroli lijalo nitachagua mwenyewe."

Wazee wenzangu, mwanafunzi wako akikupita, mshukuru Mungu, maana hatua zake zina jasho lako. Na mtoto akikuuliza swali la kweli, usimnyamazishe kwa umri wako. Nawasihi, msipite njia yangu!

Siku hizi Mwanaidi huja karakanani kwangu. Hugonga ubao mmoja mmoja kwa kidole na kusikiliza kama umekauka. Nami, fundi mzee, husimama pembeni nikisubiri aseme huu unafaa.