Risasi Tatu kwenye Mzinga wa Amosi

Gervas alizungusha kigurudumu cha darubini ya bunduki mara nane, akasikia tik tisa. Akakirudisha, akazungusha upya huku akihesabu kwa kidole. Nane. Masikio yakamwambia tisa. Akajisemea ni uchovu, maana fundi bunduki wa kambi ya uwindaji akianza kubishana na masikio yake hatamaliza kazi, na mgeni mwenye bunduki ile alikuwa anaingia Jumatatu, akitaka ipige sawasawa hadi mita mia tatu.

Kazi yenyewe haina maajabu. Risasi ikienda mbali inashuka, kwa hiyo unaanza mita mia moja, unapiga tatu, unaangalia zimekaa wapi, unarekebisha darubini, unarudi nyuma mita mia nyingine. Unahitaji tu kitu kigumu cha kubandikia karatasi ya shabaha. Hapo ndipo Gervas alipofanya ujinga, na nasema ujinga kwa sababu amezaliwa Itigi na alijua. Ukingoni mwa mbuga, kichaka kinapoanza, ulilala mzinga wa nyuki wa gogo ulioanguka kutoka mtini mwaka jana pamoja na mwenyewe, Amosi, aliyevunjika shingo palepale. Warina asali wa huko hawagusi mzinga wa marehemu mpaka mrithi aje, aubishie hodi mara tatu na kutaja jina lake. Amosi hakuacha mrithi.

"Kijana, siyo huo," alisema Mzee Lazaro, mfuata nyayo wa kambi.

"Mzee, nyuki walishahama. Gogo tu hilo."

Akapiga tatu. Matundu yakabanana pembeni ya nukta nyekundu. "Karibu!" alisema kwa sauti, kama ilivyo kawaida yake risasi zikiisogelea nukta. Alipoweka jicho tena kwenye darubini, kando ya mzinga palisimama mtu, amewapa mgongo.

"Nani yule kwenye shabaha?"

Lazaro akainua darubini yake ya shingoni. "Wapi? Mimi naona gogo na karatasi."

Gervas akatazama kwa macho matupu. Mbuga ilikuwa nyeupe kwa jua, haina hata mbuzi. Akafuta kioo kwa kitambaa, wakarudi nyuma hadi mita mia mbili. Mzinga ulikuwa umepungua ukubwa, kama inavyopaswa. Mtu yule hakuwa amepungua. Alikuwa amegeuka ubavu. Gervas akajilazimisha kuamini ni doa la kioo, akapiga tatu, na mdomo uliozoea ukasema wenyewe, "Karibu."

Mita mia tatu alipiga tatu, akasema neno lile kwa kunong'ona bila kujua kwamba amelisema, kisha akaweka jicho kuangalia matundu na hakuyaona, kwa sababu nusu ya kioo ilikuwa imejaa uso wa njano uliolainika kama nta iliyowekwa juani, uso usio na macho wala pua, wenye matundu matatu tu yaliyobanana katikati, na katika kila tundu kitu kilikuwa kikitambaa kurudi ndani. Hewa ikanuka asali iliyoungua.

Mkewe, Yunisi, mpishi wa kambi, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilizotangulia zilitoka. Hii ndiyo iliyokuwa imebaki kati yao na ukimya wa nyumba, na kila mtoto alipopiga teke Yunisi aliweka kiganja tumboni akasema, "Karibu, mgeni wangu." Gervas alikuwa akilipenda neno hilo.

Jioni ile chumba kizima kilinuka asali. Kutoka kwenye sanduku la bunduki, lililofungwa kwa kufuli, ikasikika tik. Ikanyamaza. Tik.

"Unasikia?" Gervas alinong'ona, akamweleza yote.

"Nasikia mume wangu anaumwa," Yunisi alijibu polepole. "Macho yako yamechoka. Tusali, ulale."

Hakulala. Asubuhi alichukua pikipiki hadi Itigi mjini, kwa Mzee Mrisho, mganga anayeheshimiwa na Waislamu na Wakristo sawasawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unanuka nta?" Akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. "Mrithi hubisha hodi mara tatu, halafu hutaja jina lake. Wewe ulibisha kwa risasi. Kisha ukataja nini?"

"Sikutaja kitu. Nilisema karibu tu, kwamba risasi ziko karibu."

Mganga alishusha macho. "Ulimbishia Amosi hodi kwake, akatoka. Halafu wewe mwenyewe ukamkaribisha. Mara tatu. Sasa amefika kwenye kioo. Kesho alfajiri nitakuja tumrudishe kwenye gogo lake. Mpaka hapo, mtu yeyote asiweke jicho pale. Jicho ndilo mlango wake. Ufunguo wa sanduku uko wapi?"

Ufunguo ulikuwa kwenye msumari, nyuma ya mlango wa chumbani.

Alirudi kwa mwendo ambao hajawahi kuendesha, vumbi likimwingia mdomoni, akimwomba Mungu kwa majina yote aliyofundishwa. Alifika saa sita mchana. Yunisi alikuwa ameketi dirishani, bunduki imeegeshwa kwenye mto, jicho lake kwenye darubini.

"Umekuja? Nilitaka nikuthibitishie upate usingizi," alisema kwa upole. "Hakuna mtu humu. Giza tu. Umesahau kutoa vifuniko."

Vifuniko vya darubini vilikuwa mezani, vyote viwili.

"Toa jicho, Yunisi. Toa!"

"Mbona..." Akakunja uso. "Gervas, giza limepepesa macho."

Akaitua bunduki. Papo hapo harufu ya asali ikakatika chumbani, kote, kama haijawahi kuwepo. Gervas akasimama mlangoni akihema, na kwa pumzi moja ile akadhani wamepona.

Yunisi akashtuka, akajishika tumbo. Gauni lake likainuka mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayebisha mlangoni. Gervas aliruka kumziba mdomo, na mkono wake ulikuwa bado haujafika wakati mkewe alipotabasamu, akaweka kiganja pale pale, akasema:

"Karibu."