Alisema Jumwa, Nikaandika Juma

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Mambrui, sina mume wala mtoto. Jina langu naomba lifichwe, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Haya nayaandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, kwa sababu kukaa kitako siwezi. Nikikaa kidogo nainuka, nafungua mlango, naufunga, naosha kikombe ambacho ni kisafi... Mama amechoka kuniuliza nina nini. Nitamwambia nini? Kwamba nilimvunjia mzee wa watu heshima yake mbele ya kijiji kizima, tena nikijua ninachofanya?

Mambo yalianza kwa furaha. Mwaka juzi nilipata nafasi ya mafunzo ya juma moja mjini Kilifi, misingi ya usimamizi wa miradi. Nilikaa kwa shangazi yangu Kibarani, kila asubuhi natoka na daftari jipya kwapani. Tulifundishwa kwamba mradi una mwanzo na una mwisho. Uandike lengo lake kwa maneno ambayo hata bibi yako ataelewa. Uwajue wote wanaoguswa nao, uigawe kazi vipande, kila kipande kiwe na mwenyewe na siku yake, na ujiulize mapema ni kipi kinaweza kuharibika. Mambo mepesi, sivyo? Mtihani wa mwisho niliongoza darasa, na kichwa kikanivimba!

Dawati moja na mimi alikaa Kadzo, Mgiriama wa huko Adu, mama wa mtoto mmoja. Tulipendana kama tumenyonya ziwa moja. Alikuwa ananichekesha hadi mwalimu anatutazama kwa jicho baya. Yeye ndiye aliyesikia kwamba shirika fulani linatafuta msimamizi wa mradi kijijini kwao, akaninong'oneza niombe. Nikaomba, nikapata. Bila Kadzo kazi ile ningeisikia wapi?

Mradi wenyewe ulikuwa tangi kubwa la kuvunia maji ya mvua kwenye zahanati ya kijiji chao. Mama akienda kujifungua pale, ilibidi ndugu zake wambebee maji kichwani kutoka mbali. Tangi likamilike kabla ya masika, hilo ndilo lilikuwa lengo. Fundi mkuu akachaguliwa baba yake Kadzo, Mzee Karisa. Nusu ya nyumba za mawe za upande ule alizijenga yeye, na neno lake liliaminiwa kama kiapo.

Siku ya kupanga kazi nilimkuta uani kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kiti kizuri mwenyewe akaketi kwenye gogo. Kadzo alikuwa jikoni anatupikia chai. Nikamuuliza mzee atakuja lini na watu wa kuchimba shimo. Akaniambia watu bado wako mashambani, lakini nimpe jumwa mbiri, zikiisha atawaleta wote pamoja.

Jumwa mbiri... Mimi mtoto wa Mambrui, niliyekulia Kiswahili kinachosifiwa, nikacheka moyoni. Nikajiambia, ndivyo wanavyotamka hawa watu wa bara. Nikatoa kalamu nikaandika: juma mbili. Sikumuuliza ni siku gani. Sikumwomba hata arudie! Chai ikaja, tukanywa, nikaenda zangu. Ratiba yangu nikaichora kwa rangi nne, nikaibandika ukutani, na lori la mawe, mchanga, simiti na sururu nikaliagiza lifike siku ya kumi na nne.

Siku ya nane nilikuwa Mambrui kwenye harusi ya binamu yangu. Mikono yote miwili imepakwa hina mbichi, hata nzi siwezi kumfukuza. Simu ikaita, nikaona jina la Mzee Karisa. Ikaita tena, na tena. Nikamwambia binamu yangu aizime, huyo mzee anasumbua, bado siku sita nzima!

Kumbe wakati ule Mzee Karisa alikuwa amesimama zahanati na watu thelathini. Wanaume wameacha shughuli zao, wanawake wamekuja na sufuria na kuni. Hakuna sururu, hakuna lori, hakuna mimi. Walingoja mpaka alasiri, wakaanza kumtupia maneno, wakatawanyika kwa hasira. Wengine siku ya pili wakaenda Marereni kutafuta vibarua vya chumvi.

Mimi nilifika siku ya kumi na nne na lori langu, kifua mbele, nikakuta mbuzi wawili na muuguzi mmoja. Mzee Karisa hakunilaumu wala kuniuliza nilikuwa wapi, alikwenda nyumba kwa nyumba kuwabembeleza watu. Wakamwambia wameshaitwa bure mara moja, inatosha. Tukahangaika na wachache, shimo likafika kiunoni, masika yakatupiga. Kuta za shimo zikabomoka. Simiti niliyoiacha nje chini ya turubai bovu ikaloa, ikaganda ndani ya mifuko, ikawa mawe. Wafadhili wakausimamisha mradi na kutaka taarifa ya maandishi.

Hapo ndipo Kadzo alipong'amua kilichotokea. Alikuja akaketi karibu yangu, akaniuliza baba yake alisema nini hasa siku ile. Nikamwambia. Akashika kichwa. "Jumwa si juma, dadangu! Kwa wazee wetu jumwa ni siku nne. Jumwa mbiri ni siku nane!" Kadzo akanishika bega, akasema si neno, hilo ni kosa la masikio tu, nikilieleza kwenye taarifa kila mtu ataelewa na jina la baba yake litasafika. Aliniamini. Akaondoka kumpeleka mwanawe hospitali Malindi, akiwa na uhakika nitasema.

Je, nilisema?

Siku tatu nilizunguka na karatasi ile. Naandika ukweli, nachana. Naenda kibarazani, narudi. Nilijiona nimeachishwa kazi, nimerudi kukaa kwa mama, binamu zangu wananicheka. Mwisho nikaandika: fundi mkuu hakufika siku iliyokubaliwa. Nikatia sahihi kabla mkono haujanisaliti.

Ofisa wa shirika akaitisha baraza pale zahanati, akaisoma taarifa yangu mbele ya chifu na watu wote. Mzee Karisa akasimama, akavua kofia yake. Akasema yeye alisema jumwa mbiri na zilipotimia alikuja, na watu aliokuja nao ndio hawa hapa. Ofisa akanigeukia. Akaniuliza, mbele ya umati ule, mzee alisema nini.

Mzee Karisa alinitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu anayejua shahidi wake ni mkweli. Na mimi, Mungu anisamehe... nikainama nikajifanya nafunga kiatu, nikajibu, "Alisema juma mbili."

Herufi moja tu niliificha! Lakini watu wakaguna. Wale thelathini wakaamini kwamba mzee alichanganya siku, akawaita bure, na sasa anadanganya hadharani kujiokoa. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba uzee umemharibu. Mzee Karisa akavaa kofia yake, akatoka bila kuniangalia.

Kadzo alipopata habari alikuja mpaka Mambrui. Hakubisha hodi wala hakuingia. Alisimama nje kwenye jua, akaniuliza kwa sauti ndogo nimemfanyia nini baba yake, ilhali yeye mwenyewe alinieleza kila kitu. Akageuka akaenda zake.

Maneno ya Kadzo watu waliyaona ni binti kumtetea babake tu, na tangu hapo hakuna aliyemwita Mzee Karisa kujenga hata choo. Umri ule, akaenda Marereni kukwangua chumvi, miguu ikapasuka kwa maji makali. Nilizisikia habari hizo. Nilikuwa nimeshapewa mradi mwingine! Nikasema nitakwenda Jumamosi nimwombe radhi. Jumamosi ikaja, nikawa na mkutano. Nikasema Jumamosi ijayo... Nikasikia anaumwa, amerudishwa nyumbani. Nikanunua sukari na majani ya chai ya kumpelekea, vikakaa mezani. Mimi bingwa wa ratiba, siku ya jambo hilo moja sikuwahi kuipanga.

Akafariki siku ya Alhamisi.

Nilifika matangani mbio, kanga imenipotea kichwani sijui wapi. Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikasimama mbele ya watu walewale wa baraza, nikawaambia mzee alisema jumwa, mimi nikaandika juma, na nilipoulizwa nilidanganya nikijua. Niliyasema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nililia na hawakusikia. Mzee mmoja wa wale thelathini akatoa sauti kama mtu aliyechomwa mwiba, akaondoka kwenda kusimama peke yake kando ya kaburi.

Nilingoja matusi. Nilitaka hata nipigwe. Kadzo alinijia, macho makavu, sahani mkononi.

"Umemaliza?"

Nikamwambia nimemaliza.

"Basi kaa ule. Kwetu mgeni wa matanga hafukuzwi."

Nikaketi mkekani na sahani ile ya sima mapajani. Alihakikisha nimekula yote, akaichukua sahani, akaenda kumhudumia mgeni mwingine. Mpaka leo hajanisemesha tena. Kazi nimeiacha mwenyewe, tangi halijajengwa, na kina mama bado wanabebewa maji.

Wasomaji wenzangu, kama umepewa kuongoza kazi yoyote, hata ya kuchimba choo cha msikiti au kupika harusi, mtu akikutajia siku muulize tena, mhesabu pamoja kwa vidole. Usimcheke anavyotamka. Hayo ndiyo mafunzo niliyoyakosa licha ya cheti changu kizuri, lakini hilo ni kosa, na kosa watu husameheana. Nililofanya baada yake ndilo lisiloniacha nikae.

Nawasihi! Kama yuko mtu leo anayebeba aibu kwa kosa lako, usingoje Jumamosi. Acha kusoma haya, vaa kanga yako uende kwake ukaseme, wakusikie wote waliomcheka. Mimi nilipofika walikuwa wameshamzika.