Sauti ya Anifa Kwenye Spika Moja

Jumamosi moja ya mwaka 2003, stendi ya Singida ilijaa matenga ya kuku na madumu ya mafuta ya alizeti yakisubiri mabasi, makondakta wakiita abiria kwa sauti zilizokwaruza. Mselemu alipenya katikati yao hadi kwenye kibanda cha kutengeneza redio, akaweka mezani hedifoni na redio yake ndogo ya kanda.

"Fundi yuko wapi?"

Binti aliyevaa gauni la kijani, mtandio kaufunga nyuma ya shingo usiguse pasi ya moto ya kuungia waya, akainua macho. "Unamwona nani hapa?"

"Namwona mrembo."

"Basi ndiye huyo fundi. Upande gani umekufa?"

Binti huyo, Anifa, aliunga waya, akazivaa kujaribu. Akasahau kuzivua. Muziki uliokuwemo haukuwa wa redioni.

"Umepiga na nani huu?"

"Peke yangu, chumbani kwetu Mwankoko. Na kompyuta."

"Kompyuta inapiga ngoma?" Macho yalimwaka. "Mzuri. Ila vyote vimesongamana katikati, kama watu mlangoni siku ya pilau."

Maneno hayo yalimnyima Mselemu usingizi. Akarudi kesho yake na kanda nyingine, na keshokutwa, mpaka mafundi jirani wakaacha kuuliza kilichoharibika. Baada ya miezi mitatu waliitana laazizi, na Anifa alikuwa ameshaimba kiitikio kule Mwankoko, mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, mlango wazi, Rukaya dada yake Mselemu akichambua mchicha kizingitini.

Mselemu akataka kuleta posa. Bi Johari, mama yake Anifa, muuza vitenge, akasita, akamwambia binti yake:

"Kijana wa kompyuta? Nisikie kwanza hiyo kazi, maana unasema mmeifanya wote."

Siku mbili Mselemu hakutoka chumbani. Sauti ya mpenzi wake aliitanua kulia na kushoto, mpaka ikamzunguka kichwani kama upepo wa ziwani. Akatuma kanda.

Bi Johari aliiweka kwenye redio yake ya spika moja. Mselemu alisikika. Ngoma zilisikika. Kiitikio kilipofika, ngoma tupu.

"Wewe uko wapi humu, mwanangu?"

Anifa akairudisha kanda nyuma, mara mbili. Ngoma tupu.

"Amekutoa. Leo kwenye wimbo, kesho kwenye nyumba."

Anifa alikwenda mbio kwenye kibanda cha simu.

"Umenifuta, Mselemu."

"Laazizi, upo! Nakusikiliza sasa hivi."

"Nimesikiliza mara tatu, na mama kakaa pale. Usinifanye kiziwi."

"Wallahi upo."

"Basi muoe huyo unayemsikia wewe." Akakata.

Lakini fundi ni fundi. Asubuhi aliitia kanda kwenye redio kubwa ya mteja, yenye spika mbili. Sauti yake ikatoka, pana, tamu. Kwenye redio ndogo, haipo. Kubwa, ipo. Ndogo, haipo. Mselemu alipofika akitweta, shati halijapigwa pasi, alimkuta kapanga redio nne mezani.

"Usiniambie samahani. Niambie ulinifanya nini."

"Nilikutanua tu! Si ulisema vimesongamana? Nikayageuza mawimbi ya sauti yako upande wa kushoto, ya juu yakawa chini. Ukivaa hedifoni inajaa kama ukumbi."

Anifa akajipiga paji la uso. "Kama spika iliyofungwa waya kinyume! Huku inasukuma, huku inavuta. Ukizikutanisha kwenye spika moja, zinauana."

"Mbona yangu ilisikika?"

"Yako uliiacha katikati, bwana mkubwa. Ndiyo maana ukapona."

Walicheka mpaka mwenye redio akaja kuiulizia. Mselemu akazitazama zile redio nne. "Nusu ya mji huu ina redio ya spika moja, Anifa. Mimi nilisikiliza kwa masikio yangu tu."

"Na mimi nilikuhukumu kwa redio moja. Haya, kairudishe katikati. Nakusubiri."

Alasiri Mselemu alisimama uani kwa Bi Johari, kanzu imenyooka. Ndani kiitikio kikafika, na sauti ya Anifa ikatoka wazi, karibu, kama mtu anayeimba huku akikosha vyombo. Bi Johari akarudisha kanda nyuma. Akairudisha tena.

"Mselemu!"

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa mwisho ngoma zako zinamfunika mwanangu. Zipunguze."

"Nitazipunguza, mama."

"Leo hii. Ijumaa wazee wako wakija, nataka na wao wamsikie."